Somo la Nyoka na Somo la Asali: Namna Mazoea Yetu Yanavyojengwa

Siku moja aliletwa kliniki mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu aliyekuwa akilalamika maumivu ya sikio. Sikuwa nimeshika sindano wala kifaa chochote. Nilikuwa nimeketi tu mezani, nimevaa koti jeupe kama ilivyo ada. Mtoto aliponiona, akiwa bado mlangoni, alipiga ukelele, akamng'ang'ania mama yake shingoni, akatetemeka mwili mzima. Mama aliona haya, akaniomba radhi: "Samahani, daktari. Huyu ni mwoga kupita kiasi, amemrithi baba yake."

Baba wa mtoto hakuwapo ili ajitetee, lakini nadhani alisingiziwa. Nilipouliza historia ya mtoto, nilielezwa kwamba miezi minne iliyotangulia alilazwa kwa homa ya mapafu, akachomwa sindano asubuhi na jioni kwa siku tano, na kila mara mchomaji alikuwa amevaa koti jeupe. Mtoto yule hakuwa na woga wa kurithi. Alikuwa mwanafunzi hodari, na walimu wake tulikuwa sisi wahudumu wa afya.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili kabla ya kujengwa maabara za kulichunguza. Walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukanda mwembamba wa jani tu. Hauna meno wala sumu. Hata hivyo, mwili wa aliyeumwa hausubiri hoja hiyo. Vilevile walisema: mchovya asali hachovyi mara moja. Methali hizi mbili zinabeba aina mbili za ujifunzaji ambazo wanasaikolojia wamezichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika makala haya nitaiita ya kwanza ujifunzaji kwa uhusishaji, na ya pili ujifunzaji kwa matokeo. Kuzielewa si jambo la wataalamu pekee, kwa kuwa mzazi, mwalimu na muuguzi huzitumia kila siku, ama kwa kujua, ama kwa kutojua.

Nyoka na ung'ongo: ujifunzaji kwa uhusishaji

Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1849, hakukusudia kuchunguza tabia. Alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula kwa mbwa, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Katika kazi hiyo yeye na wasaidizi wake waligundua jambo lililowatatiza: mbwa waliokwisha kuzoea maabara walitokwa na mate kabla nyama haijafika kinywani. Kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha, au hata kusikia hatua zake, kulitosha. Pavlov aliamua kulifuatilia jambo hilo. Alitoa mlio fulani, kisha akatoa chakula. Akarudia mara nyingi. Hatimaye mlio peke yake, bila chakula, uliwatoa mbwa mate.

Tufafanue istilahi. Chakula ni kichocheo cha asili, kwa kuwa humtoa mbwa mate bila kufunzwa. Mlio, ambao hapo mwanzo haukuwa na maana yoyote kwa mate ya mbwa, umegeuka kuwa kichocheo cha kufunzwa kwa sababu umetangulia chakula mara nyingi. Mate yanayotoka kwa sababu ya mlio ni mwitikio wa kufunzwa. Ubongo, kwa maneno mengine, umejifunza kutabiri: kitu hiki kikitokea, kile kinakuja.

Msomaji hahitaji kwenda Urusi ili kulithibitisha hilo. Afikirie embe bichi lililokatwa vipande, likanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Aliyewahi kulila huenda mate yamekwisha kumjaa kinywani, ilhali mbele yake kuna karatasi tu. Asiyewahi kulila hakupatwa na chochote. Tofauti kati yao ni somo ambalo mmoja alilipata na mwingine hakulipata.

Ujifunzaji wa namna hii una sifa tatu zinazotuhusu sana hospitalini.

Sifa ya kwanza ni kuenea. Mwaka 1920 watafiti wa Marekani, John Watson na Rosalie Rayner, walichapisha taarifa ya mtoto mchanga waliyemwita Albert. Mtoto huyo hakumwogopa panya mweupe wa maabara, hata alimshika. Kisha watafiti wakawa wanagonga chuma kwa nyundo nyuma ya mtoto kila alipomgusa panya. Baada ya kurudia mara chache, Albert alilia kwa kumwona panya tu. Zaidi ya hayo, woga ulienea hadi kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Jaribio hilo lisingeruhusiwa leo na kamati yoyote ya maadili ya utafiti, na mtoto hakuondolewa woga huo kabla ya kuondoka. Lakini linatuonyesha kwa nini mtoto aliyechomwa sindano na muuguzi huweza kumwogopa mwuza dawa, kinyozi, au mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Sifa ya pili ni kwamba, kwa mambo ya chakula, somo moja huweza kutosha. John Garcia na mwenzake Robert Koelling walionyesha mwaka 1966 kwamba panya huhusisha kwa urahisi ladha na kichefuchefu. Tafiti zaidi zilidhihirisha kwamba mnyama hujifunza kuikataa ladha hata kama ugonjwa umekuja saa kadhaa baada ya mlo, tena baada ya tukio moja tu. Mwaka 1978 Ilene Bernstein aliliona jambo hilohilo kwa watoto wenye saratani: waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya kupokea dawa za saratani zinazotia kichefuchefu waliikataa baadaye, ingawa aiskrimu haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayetibiwa saratani ashauriwe asimpe chakula akipendacho sana muda mfupi kabla ya dawa. Akimpa kwa nia ya kumfariji, huenda akamnyang'anya chakula hicho kwa miezi mingi.

Sifa ya tatu ni kwamba somo hufifia, lakini halifutiki. Pavlov alipotoa mlio mara nyingi bila chakula, mate yalipungua hadi yakakoma. Hata hivyo, mbwa alipopumzishwa, kisha akasikia mlio tena, mate yalirudi kwa kiasi fulani. Maana yake ni kwamba ubongo haukulifuta somo la kwanza, bali ulijifunza somo jipya juu yake. Ndiyo maana woga unaodhaniwa umekwisha huweza kurejea ghafla mahali pengine au baada ya muda mrefu. Aliyerudiwa na woga asidhani kwamba juhudi zake zote zimepotea.

Mchovya asali: ujifunzaji kwa matokeo

Mbwa wa Pavlov hakufanya lolote ili apate chakula. Mambo yalimjia tu. Lakini sehemu kubwa ya maisha yetu ni kutenda na kuona kinachofuata. Mwishoni mwa karne ya 19 Edward Thorndike aliwafungia paka katika masanduku yenye kitasa cha siri na kupima muda waliotumia kujifungua. Alihitimisha kwamba tendo linalofuatiwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa, na linalofuatiwa na matokeo ya kuudhi huelekea kupungua. B. F. Skinner, kuanzia miaka ya 1930, aliiendeleza kanuni hiyo kwa panya na njiwa waliobonyeza au kudonoa kitu ili wapate chakula.

Hapa kuna maneno yanayochanganywa mara kwa mara, hata na wanafunzi wa udaktari. Uimarishaji ni jambo lolote linaloongeza uwezekano wa tendo kurudiwa. Ukiwa chanya, mtu hupata kitu akipendacho. Ukiwa hasi, mtu huondolewa kitu kinachomkera. Uimarishaji hasi si adhabu, kwa kuwa adhabu hupunguza tendo, na uimarishaji, uwe chanya au hasi, huliongeza.

Tuchukue mfano wa dukani. Mama yuko kwenye foleni na mtoto wake anataka pipi. Mama anakataa. Mtoto analia, kisha anajitupa chini. Watu wanageuka kutazama. Mama anamnunulia pipi, na kilio kinakoma papo hapo. Je, nani amejifunza nini? Mtoto amejifunza kwamba kujitupa chini huleta pipi. Huo ni uimarishaji chanya. Mama naye amejifunza kwamba pipi huondoa kelele na aibu. Huo ni uimarishaji hasi. Kila mmoja amemfunza mwenzake, na wiki ijayo wote wawili watafanya vilevile, tena kwa haraka zaidi.

Sasa tuseme mama huyo amejikaza. Siku nne anakataa, siku ya tano, kwa uchovu, anakubali. Anadhani amekuwa mkali kwa sehemu kubwa. Kwa hakika amefanya jambo linaloimarisha kilio kuliko kununua pipi kila siku. Skinner na Charles Ferster, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1957, walionyesha kwamba tendo linalolipwa mara mojamoja, bila mpangilio unaotabirika, hudumu sana hata malipo yakikoma. Mtoto amejifunza kutokata tamaa. Kanuni hiyohiyo humweka mtu mzima mbele ya mashine ya kamari, au akibeti kwa simu usiku kucha: hushinda mara chache, hajui ni lini, kwa hiyo hawezi kuacha.

Mzazi anayeamua kuacha kukilipa kilio inampasa ajue jambo moja zaidi. Kabla ya kupungua, kilio huweza kuongezeka kwa muda. Wengi hukata tamaa hapo, wakisema njia haifai. Anayekubali wakati huo amemfundisha mtoto kwamba bei ya pipi imepanda tu.

Panya wa Morogoro

Anayetaka kuona masomo yote mawili yakifanya kazi kwa pamoja aende Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na pia vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Kwanza panya husikilizishwa mlio mfupi wa kidude cha mkononi na hapohapo hupewa chakula kitamu, kama vile ndizi. Baada ya muda mlio wenyewe huwa habari njema kwake. Hilo ni somo la uhusishaji. Kisha mlio huo hutumika kama ahadi ya malipo: panya akinusa sampuli yenye vimelea na kutuliza pua yake hapo kwa sekunde chache, husikia mlio, kisha hulishwa, akituliza pua kwenye sampuli isiyo na vimelea, hapati kitu. Hilo ni somo la matokeo. Panya aliyehitimu huweza kupitia sampuli 100 kwa muda wa takriban dakika 20, na zile anazozitilia shaka huthibitishwa kwa vipimo vya maabara. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA.

Ningependa msomaji atambue yasiyofanyika katika mafunzo hayo. Panya hachapwi anapokosea. Malipo hayacheleweshwi hadi jioni. Wala panya haambiwi kwamba ni mzembe. Mkufunzi huangalia tu tendo lipi analitaka, na huhakikisha kwamba tendo hilo linafuatiwa na jambo jema, mara moja, kila linapotokea katika hatua za mwanzo. Subira hiyo tunayompa panya, mara ngapi tunaikosa kwa binadamu?

Kliniki inayofundisha watu wasije

Nasema hivi kwa sababu nami nimekosea. Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia mtoto mwenye kifafa aliyekuwa ametulia vizuri kwa dawa. Mama yake alikosa miadi miwili. Alipokuja mara ya tatu, akiwa amechelewa, nilimgombeza mbele ya wagonjwa wengine. Nilimwambia kwamba hajali uhai wa mwanawe. Nilidhani ninaadhibu kuchelewa, na niliamini kwamba ukali ule ungemsaidia.

Baada ya siku ile hakuonekana. Miezi mitatu baadaye mtoto aliletwa usiku akiwa katika kifafa kisichokatika. Dawa zilikuwa zimekwisha kwa wiki kadhaa. Tulifanikiwa kumtuliza, na namshukuru Mungu alipona. Asubuhi nilipomuuliza mama kwa nini hakuja kuchukua dawa, alitazama chini, akasema: "Daktari, niliogopa kugombezwa."

Nilipolitafakari jibu lile niliona kosa langu waziwazi. Siku ile mama hakufanya tendo la kuchelewa peke yake. Alifanya pia tendo la kuja. Tendo lililokuwa karibu zaidi na karipio langu ni lile la kuja. Siku ambazo hakuja, hakuna aliyemsema. Kwa hiyo kuja kuliadhibiwa, na kubaki nyumbani kukaimarishwa, kwa kuwa kila miadi aliyoiacha ilimwondolea hofu ya kuonana nami. Aidha, chumba changu na sura yangu vilikwisha kuhusishwa na aibu, kama koti jeupe lilivyohusishwa na sindano. Nyoka na asali walifanya kazi pamoja, na mwalimu nilikuwa mimi.

Haimaanishi kwamba kila anayekosa kliniki amefunzwa kukosa. Wako wasio na nauli, wenye mgonjwa mwingine nyumbani, na wasioruhusiwa kutoka kazini. Binadamu pia hufikiri, hukumbuka, na huweza kutenda kinyume cha mazoea yake. Lakini kabla ya kumwita mtu mzembe, mkaidi au mwoga, tujiulize maswali mawili: ni nini kilitangulia tendo lake, na ni nini kilifuata? Mara nyingi jibu litatuelekeza kwenye kitu tunachoweza kukibadilisha.

Tufanye nini?

Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza namna alivyomsaidia mtoto aitwaye Peter, aliyeogopa sungura. Alimweka sungura mbali wakati mtoto anakula chakula akipendacho, kisha siku kwa siku akamsogeza karibu kadiri mtoto alivyostahimili. Mwishowe Peter aliweza kumgusa sungura. Hapo ndipo penye mzizi wa tiba nyingi za woga zinazotumika hadi leo. Kutokana na hayo, nashauri yafuatayo.

Mosi, tusimtishe mtoto kwa daktari. Maneno "ukilia nitakupeleka ukachomwe sindano" humnyamazisha leo, na kumfanya mgonjwa asiyepimika kesho.

Pili, tupunguze maumivu ya chanjo tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015, pamoja na mambo mengine, kwamba mtoto ashikwe na mzazi wake, anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake, na sindano inayouma zaidi itolewe mwisho. Mtoto asiambiwe kwamba haitauma kabisa. Akidanganywa mara moja, neno letu nalo litageuka ung'ongo.

Tatu, ziwepo ziara zisizo na maumivu. Mtoto aliyekuja kupimwa uzito tu, akachezewa, akaondoka salama, amejifunza kitu.

Nne, tulipe tendo tunalolitaka, na tulilipe mapema. Sifa inayotolewa papo hapo ina nguvu kuliko zawadi inayoahidiwa mwisho wa mwezi. Kwa mgonjwa aliyechelewa, neno la kwanza na liwe: "Ahsante kwa kuja." Maswali kuhusu kuchelewa yaje baadaye, kwa faragha.

Tano, tusikitegemee kiboko. Adhabu humwonyesha mtoto asilotakiwa kulifanya, lakini haimfundishi la kufanya badala yake. Tena maumivu huhusishwa na mchapaji, na mtoto hujifunza kuficha kosa badala ya kuliacha.

Sita, asiyeweza kutoka nyumbani, kulala au kufanya kazi kwa sababu ya woga asiachwe akijilaumu. Kukimbia kila kitu anachokiogopa humpa nafuu ya muda, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha woga wake. Yapo matibabu, na yanasaidia. Afike katika kituo cha afya aelekezwe.

Ama yule mtoto wa sikio, siku ile nilivua koti na kulitundika mlangoni. Nilimchunguza kwanza mwanasesere wake, kisha mama yake, na yeye nikampima akiwa amepakatwa. Alilia, lakini si kama mwanzo. Alirudi mara mbili kwa uangalizi, na mara zote mbili hapakuwa na sindano. Ziara ya mwisho alisimama mlangoni akiwa ameshika kanga ya mama yake, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia mwenyewe, akageuza kichwa, akanionyesha sikio.